Mnakili Asimamapo Penye Doa



Wasomaji wangu wapenzi, wiki hii nimeazimia kueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, na ni haki niungame kabla sijawafundisha wengine. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja na mwanawe wa kiume wa umri wa miaka mitatu hivi. Uso wa mtoto ulijaa vidoa vyeusi vidogo vidogo, mithili ya mtu aliyerashiwa wino, na pembeni mwa mdomo palikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kila alipoelekezwa penye mwanga aliyafumba macho. Mavyaa wa yule mama alikuwa amekwisha kukata hukumu: mkaza mwana alipita makaburini wakati wa magharibi akiwa na mimba, na hayo ndiyo matokeo yake. Jirani nao walisema ni jicho.

"Maalim," akaniambia, "nizingulie mwanangu."

Nikamzingua. Nikamwandikia na kombe kwa zafarani, akanywa. Na yote haya niliyafanya barazani, saa saba za mchana, jua la kaskazi likituangukia sote, kwa kuwa ndani mlikuwa na wageni. Sijutii dua, maana dua haina hasara. Ninalojutia ni lile jua.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa na karatasi ya daktari wa ngozi. Ugonjwa ulikuwa na jina, zeroderma pigmentosa, nao ni wa kurithi: mwili hushindwa kuirekebisha hasara ambayo jua huitia ndani ya seli. Yule mama alitaka kujua mambo mawili tu. Je, ni kosa langu? Na je, mbona mwanangu hakuwahi kubabuka kwa jua hata siku moja, ndiyo sababu hatukulishuku? La kwanza nililijibu papo hapo. La pili lilinitoa jasho, na ndilo lililonipeleka kwenye vitabu ambavyo mtu wa chuoni kama mimi hakuzoea kuvifungua.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili wetu mna kiini, na ndani ya kiini kimehifadhiwa kitabu ambacho wataalamu hukiita DNA. Kimeandikwa kwa herufi nne tu, zilizopangwa na kurudiwa kwa namna mbalimbali hadi kufikia kiasi cha bilioni 3. Na kila seli, isipokuwa chache, ina nakala mbili za kitabu hicho, moja ya upande wa baba na moja ya upande wa mama. Uzi wote wa seli moja ukinyooshwa hupata mita 2 hivi. Kitabu hiki hakitoki chumbani mwake. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, humtuma mnakili aufungue mlango unaohusika, anakili maneno yake, na ile nakala ndiyo itokayo nje kwenda kutumika. Milango hiyo ndiyo jeni, nayo kwa mwanadamu hukaribia 20,000. Waliosoma chuo zamani hawatapata taabu kuifahamu sura hii: kitabu cha mwalimu kilikaa kabatini, sisi tukitoka na ubao.

Mnakili mwenyewe ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Hupita juu ya uzi akisoma herufi moja baada ya moja, elfu kadhaa kwa dakika. Milango mingine ni mifupi. Mingine inatisha kwa urefu: jeni ya distrofini, protini inayoiimarisha misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2, na mnakili huitumia kiasi cha saa 16 mpaka aumalize. Mtu akitembea njia ndefu kiasi hicho, hakosi kukuta shimo.

Na mashimo hayakosekani. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile iitwayo urujuanimno, ikipenya ngozi huzigandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani, zikawa kama kurasa mbili zilizoshikana kwa asali. Hayo hutokea katika seli moja mara maelfu kwa siku moja ya jua kali. Hata pasipo jua, kitabu huchakaa chenyewe kwa maji na joto la mwili. Hili la mwisho lilibainishwa na Tomas Lindahl, mzaliwa wa Sweden, wakati ambapo wengi waliamini DNA ni kitu imara kisichoharibika.

Sasa tazameni. Mnakili aliyekuta doa ana njia tatu mbele yake. Aweza kuliruka, aweza kukisia, na aweza kusimama. Sisi binadamu tungeruka. RNA polimerasi, aghalabu, husimama. Hukwama palepale juu ya doa, na kule kukwama kwake ndiko kengele.

Haikujulikana hivyo tangu mwanzo. Ilidhaniwa kwamba mafundi wa seli huzunguka katika kitabu chote kwa usawa, wakirekebisha popote wanapokuta kasoro. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Philip Hanawalt na wenzake walionyesha kwamba jeni inayotumika hurekebishwa upesi kuliko sehemu zilizolala. Miaka miwili baadaye, kundi hilohilo likiongozwa katika kazi hiyo na Isabel Mellon, lilionyesha jambo la ajabu zaidi. Uzi wa DNA ni wa nyuzi mbili zinazotazamana, na mnakili husoma mmoja tu; basi ule unaosomwa ndio unaotengenezwa haraka, na mwenzake husubiri. Maana yake ni kwamba msomaji na mlinzi ni mmoja. Kinachosomwa ndicho kinacholindwa kwanza.

Aliyeonyesha vipi kengele hiyo hulia, katika viumbe vidogo vya bakteria, ni Aziz Sancar. Kina mama watapenda kumjua huyu. Alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, mkoa wa Mardin, Uturuki, katika nyumba ya watoto wanane, na wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika. Alihitimu udaktari mjini Istanbul, akarudi kwao kutibu watu, kisha akaenda Marekani. Mwaka 1993 yeye na Christopher Selby walieleza protini moja inayomfikia mnakili aliyekwama, ikamwondoa na kuwaita mafundi mahali palepale. Mwaka 2015 Sancar, Lindahl na Paul Modrich walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi zao juu ya matengenezo ya DNA. Mimi ningalimwongeza Hanawalt, lakini hawakuniuliza.

Katika mwili wa mwanadamu mambo hayo yana hatua zaidi. Afikaye kwanza kwa mnakili aliyesimama ni protini iitwayo CSB. Humsukuma mbele kana kwamba inamjaribu: umechoka tu, au kuna kizuizi cha kweli? Akisogea, kazi huendelea. Asiposogea, CSB humwita mwenzake CSA, naye huwaita wengine, mpaka wafike mafundi wenye kukata. Hukatwa kipande kidogo chenye doa, herufi karibu 30, kisha pengo hujazwa kwa kuutazama uzi wa pili ambao ni kama kioo cha wa kwanza. Uzi hufungwa, na kunakili kukaanza tena.

Wakati huohuo seli hufanya jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Hupunguza kunakili katika kitabu kizima, hata kwenye milango isiyo na doa lolote. Nyumba nzima hunyamaza mpaka fundi amalize. Mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti yalieleza sehemu kubwa ya siri ya ukimya huo: katika mwili wa mnakili kuna mahali pamoja maalumu ambapo seli hubandika alama akiwa amekwama; kwa alama hiyo mafundi huitwa, na akizidi kukwama, kwa alama hiyohiyo huondolewa na kuvunjwavunjwa. Wanakili wakipungua, kunakili nako hupungua. Mahali hapo pakiharibiwa, seli haijui tena lini inyamaze na lini ianze.

Upo na ulinzi wa kuzuia migongano, nitautaja kwa ufupi. Seli inapojiandaa kugawanyika, kitabu chote hunakiliwa ili kila seli mpya ipate chake, na mnakili huyu mkubwa hupita katika uzi uleule anaopita mnakili wetu wa milango. Wakigongana, uzi waweza kukatika. Kwa hiyo zimewekwa nyakati na njia, na viko vimeng'enya vya kuusafisha uzi ikiwa nakala mpya imeung'ang'ania. Na iko protini maarufu iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo DNA ikidhurika huamuru milango fulani isomwe: ule wa kusimamisha kugawanyika, ile ya matengenezo, na mambo yakishindikana kabisa, ile ya kuiua seli yenyewe. Tembo wana nakala 20 hivi za jeni yake, sisi tunayo moja kwa kila upande wa wazazi. Wataalamu wanaona huenda hiyo ni sababu moja ya tembo, kwa ukubwa wake wote, kuugua saratani kwa nadra.

Narudi kwa yule mtoto.

Kusimama kuna gharama yake. Wapo watoto waliozaliwa bila CSB au CSA timamu. Ugonjwa wao uliandikwa mwaka 1936 na tabibu wa London, Edward Cockayne, na huitwa kwa jina lake. Kwao mnakili husimama penye doa, lakini hakuna anayekuja. Seli ikishanyamaza haijui kuanza tena. Watoto hao hubabuka kwa jua dogo, hawarefuki, masikio na macho hudhoofika, na nyuso zao huzeeka wakiwa wangali wadogo. Wengi hawafiki utu uzima. Ajabu ni kwamba saratani ya ngozi haiwazidi. Seli yenye wanakili waliokwama kila mahali hufa, na seli iliyokufa haigeuki saratani.

Sasa mgeuze kitambaa upande wa pili. Katika aina moja ya zeroderma pigmentosa, mnakili yu macho, kengele yalia, na CSB hufika. Kinachokosekana ni protini nyingine, XPC, ambayo ni kama mlinzi wa zamu anayezunguka usiku katika vyumba visivyo na mtu: huzikagua sehemu za kitabu zisizosomwa, na ule uzi wa pili anaoupita mnakili bila kuusoma. Mtoto wa aina hii akitembea juani hababuki kupita wenzake, kwa sababu milango ambayo ngozi yake inaisoma hutengenezwa upesi. Mama hutazama, haoni lengelenge, hutulia. Lakini katika sehemu zisizosomwa madoa hubaki. Siku seli inapogawanyika, kitabu chote sharti kinakiliwe, na huyo mnakili mkubwa akikuta doa hukisia herufi. Kosa la leo huongezwa juu ya kosa la jana.

Basi hilo ndilo jibu la swali la pili. Daktari hakuitaja aina kwa yakini bila kipimo cha jeni, lakini kwa kuwa mtoto hababuki alikisia kuwa ni hii. Takriban nusu ya wenye zeroderma pigmentosa hawababuki isivyo kawaida. Dalili yao ya mapema ni vile vidoa, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 2, kwenye uso na mikono, mahali jua linapofika. Ninarudia kwa ajili ya kina mama: mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye vidoa vingi usoni, au anayeumia macho kwa mwanga, apelekwe kwa daktari wa ngozi na wa macho. Msingoje. Katika uchunguzi mmoja mrefu uliofanywa Marekani, nusu ya wenye ugonjwa huu waliopata saratani ya kawaida ya ngozi waliipata kabla au karibu na umri wa miaka 9, na hatari yao kabla ya miaka 20 ilikuwa zaidi ya mara 10,000 ya watu wengine.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya weupe. Mwaka 2011 madaktari walichapisha habari za Mayotte, kisiwa cha jirani zetu katika Visiwa vya Komoro, ambako walikuta kiwango cha zeroderma pigmentosa kikubwa kuliko kilichowahi kuandikwa kokote duniani, na wagonjwa ni watu weusi. Kasoro yao imo katika jeni hiyohiyo ya XPC, na ni herufi moja tu iliyobadilika, mahali ambapo nakala hukatwa na kuunganishwa kabla ya kutumika. Wengi wetu katika mwambao huu tuna jamaa katika visiwa vile, tumeoa na kuolewa huko. Sisemi hivyo kumtia mtu hofu. Nasema ili daktari akiuliza habari za bibi na babu, ajibiwe.

Huko tumefika kwenye ndoa. Ugonjwa huu hauji mpaka mtoto arithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama. Mwenye moja mbovu na moja nzima haumwi wala hajijui. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Na hesabu huanza upya kila mimba, haikumbuki iliyopita. Watoto wa ami hushiriki kiasi cha sehemu 1 kati ya 8 ya jeni zao, kwa hiyo kasoro adimu hupata njia nyepesi ya kukutana. Kuoa binti ami ni halali, sitaiharamisha, na walio wengi huzaa watoto wazima. Lakini desturi yetu ya kuficha maradhi ya ukoo mpaka mahari yapokewe, hiyo siioni nzuri, na nimekwisha kuisema mbele ya wazee walionuna. Mtoto wa namna hii akionekana katika ukoo, posa inayofuata ya ndani ya ukoo itanguliwe na mashauri ya daktari.

Dawa ya kuirejesha XPC haijapatikana bado. Kilichopo ni kumkinga. Nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa karibu, kofia pana, miwani ya kuzuia urujuanimno, mafuta ya kinga kila siku hata pakiwa na mawingu. Kioo cha kawaida cha dirisha hakizuii miale yote, hivyo mapazia yafungwe au kiwekwe karatasi maalumu. Kwa kuwa mtoto hapati jua, daktari huangalia vitamini D yake na kumpa akihitaji. Ngozi na macho vikaguliwe mara kwa mara, maana uvimbe unaoondolewa mapema ni mdogo. Moshi wa sigara usisogezwe karibu naye, nao huharibu DNA. Na michezo iwe jioni. Wenziwe wakicheza mpira mchana naye amefungiwa, moyo wake pia unahitaji kuangaliwa.

Yule mama aliposikia ile hesabu ya 1 kati ya 4, alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Maalim, kwa hiyo baba yake naye ametoa nusu?"

Nikamwambia, "Naam, mwanangu. Nusu kwa nusu, sawasawa."

"Basi niandikie. Mimi nikisema sitasikilizwa."

Nikaandika barua usiku ule, nikamtajia mavyaa wake na wazee wa nyumba habari ya kitabu, ya mnakili na ya mlinzi wa zamu asiyekuwapo, nikaeleza kwamba hapakuwa na kaburi wala magharibi ndani yake. Nikaungama pia habari ya baraza langu na lile jua la saa saba. Nilipokwenda kuwajulia hali, nilikuta madirisha ya chumba kimoja yamefungwa mapazia mazito ya kijani, na mavyaa ndiye aliyekuwa ameyashona. Mtoto huja chuoni kwangu baada ya sala ya Magharibi. Amefika juzuu ya pili, na hati yake ni nzuri kuliko yangu.